Maji Mengi, Maji Machache

Somo: Warumi 6:3–11

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wote wakaisha kunipa mkono. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, hapa hapa kanisani, na picha anazo. Sasa yuko chuoni, amepata marafiki wanaosali kwingine, nao wamemwambia kwamba ule haukuwa ubatizo, alinyunyiziwa tu. "Baba Mchungaji, nikabatizwe tena kwa maji mengi?" Hakuuliza kwa ubishi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

Tuliketi benchi la nyuma. Nayaandika hapa niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya yeye kuondoka, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza nilimwambia kwamba marafiki zake wana hoja. Neno la Kigiriki lililotupa ubatizo, baptizo, maana yake ni kuchovya, kuzamisha. Na Paulo, akiwaandikia Warumi, hazungumzii kunawa, anazungumzia maziko. Mtu akizamishwa mtoni mpaka kichwa kikapotea, wa ukingoni wakabaki wanatazama maji matupu, kile kitambo kifupi kabla hajaibuka kinahubiri kaburi kuliko mahubiri yangu yote. Sisi wa maji machache tukiri kwamba ishara hiyo tumeififisha. Kiganja cha maji juu ya utosi wa mtoto mwenye gauni jeupe hakimkumbushi mtu kaburi. Wengi wetu kinatukumbusha pilau inayongoja nyumbani.

Hata hivyo, Kanisa la kale halikupima neema kwa ndoo. Kuna andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa liitwalo Didake. Linaagiza watu wabatizwe katika maji yanayotiririka. Yasipokuwepo, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto. Na yote yakikosekana, mtu amiminiwe maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Naupenda upole wa agizo lile. Aliyewahi kuishi Dodoma miezi ya kiangazi, akanunua maji ya mkokoteni, atalielewa bila kufafanuliwa.

Kisha nikamsimulia habari za Munyonyo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, katika boma la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kando ya Ziwa Viktoria, vijana watumishi wa ikulu walijua kwamba kukipambazuka wataulizwa ni nani kati yao wanaosali. Baadhi yao walikuwa bado wakatekumeni. Wamisionari wao waliwataka wanafunzi wasome na kujaribiwa miaka mingi kabla ya kubatizwa. Utaratibu wao ulikuwa miaka minne. Miaka hiyo haikuwepo tena. Zilikuwepo saa chache. Ndipo Karoli Lwanga, kiongozi wao, ambaye hakuwa padri na yeye mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe, akawabatiza. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14.

Sijui maji yale yalikuwa kiasi gani. Sidhani kama kuna aliyeyapima. Asubuhi walikiri, wakahukumiwa, wakaanza safari ya kwenda Namugongo, na tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana, wakateketezwa kwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Siku nane tu zilitenganisha maji na moto. Kizito hakupewa nafasi ya kuufikiria ubatizo kama sherehe ya kuanza maisha mazuri. Aliuomba akijua kwamba anaomba kufa pamoja na Kristo, na kwamba mwenye kufa pamoja naye hafi peke yake.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ubatizo. Ubatizo ni kukabidhiwa kwa Yesu, kifo chake kihesabiwe chako na ufufuo wake uhesabiwe wako. Anayekabidhiwa haleti kitu mkononi. Kizito hakuwa na miaka minne ya kuonyesha. Mtoto wa wiki tatu hana hata neno moja la kusema. Mzee niliyembatiza mwaka juzi wodini, kwa maji ya kikombe cha plastiki, mkewe akimshikia kichwa, alikuwa amebakiwa na pumzi ya kuitikia "Amina" tu, nayo ilitoka nusu. Nilipomaliza, mama yule hakulifuta lile tone lililoteremka mpaka shingoni. Aliliacha likauke lenyewe.

Na kwa sisi ambao siku nane zimegeuka miaka ishirini, arobaini, sitini? Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba utu wa kale ndani yetu unapaswa kuzamishwa kila siku, kwa majuto na toba. Maji machache ya siku moja. Kuzama kwenyewe ni kwa maisha yote. Leo asubuhi wivu wangu kwa mchungaji mwenzangu ulitakiwa uzame. Ulizama nusu, ukaibuka. Kesho nitaurudisha majini. Sihitaji ubatizo mwingine kwa kazi hiyo. Nauhitaji ule ule nilioupata nikiwa mchanga.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza kama jina lake bado limeandikwa mahali. Tukaingia ofisini, nikatoa daftari la ubatizo, lile la jalada la kijani lililoliwa na mchwa pembeni. Tulilipata ukurasa wa katikati: jina lake, tarehe, majina ya wazazi, kisha wasimamizi wawili. Aliweka kidole chini ya jina la msimamizi wa pili, akalisoma kwa sauti, akalirudia.

"Huyu si ndiye bibi anayeuza maandazi pale stendi?"

Nikamwambia ndiye.

"Nanunua kwake kila nikisafiri. Hajawahi kuniambia."

"Pengine anadhani unajua."

Alitoka bila kuniaga. Kutoka dirishani nilimwona akivuka barabara kuelekea stendi, anatembea haraka.