Gari la Nyuma

Watu wanaosafiri masafa marefu kwa baiskeli ili kuchangisha fedha za jambo jema si wachache siku hizi. Wapo wanaouzunguka Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Wapo wanaotoka Dar es Salaam hadi Butiama kwa kumuenzi Mwalimu Nyerere, wakigawa madawati na kupanda miti njiani. Na tangu mwaka 2003 wapo wageni wanaotoka Cairo hadi Cape Town, mwendo wa kilomita kama 12,000 unaochukua takriban miezi minne, na baadhi yao huchangiwa fedha na jamaa zao kwa ajili ya taabu hiyo. Misafara ya namna hii hufuatwa na gari. Gari hubeba maji, chakula, mahema, matairi ya akiba, fundi, na mtu wa huduma ya kwanza. Ni gari hilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu liliwahi kusimama katika uwanja wa shule yangu, na mpaka leo halijaondoka moyoni mwangu.

Niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaoicheka misafara hii. Hoja yao naijua, nimeisikia vilabuni na hata katika chumba cha walimu: kama mnataka kutoa madawati, toeni madawati, ya nini kujitesa juani? Mafuta ya gari na posho za wapishi si zingenunua madawati mengine? Hesabu yao ni sahihi, lakini haimjui binadamu. Mtu wa mjini haamki asubuhi akatoa fedha kwa ajili ya shule asiyoijua. Hutoa kwa sababu mwenzake wa ofisini, mwenye kitambi kama yeye, ameapa kwenda kilomita 1,000 kwa baiskeli, naye anaona haya kumwacha ajitese bure. Jasho la mmoja hufungua mkoba wa mwingine. Mwalimu yeyote analijua jambo hili. Mtoto asiyetaka kusoma kwa faida yake mwenyewe atasoma ili asimwangushe mwalimu anayempenda.

Wala silicheki gari lenyewe. Wapo wanaosema kwamba mtu anayefuatwa na gari anacheza tu na taabu, kwa kuwa akichoka anapanda. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, vijana wengi walitembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Mwezi wa Oktoba Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Katika matembezi yale ya vijana, Seti Benjamin alifariki dunia njiani. Jina lake lilipewa heshima, na lilistahili. Lakini mzazi yupi asingependa mwanawe arudi nyumbani bila heshima hiyo? Anayesema kwamba taabu isiyoweza kuua si taabu ya kweli na amfikirie kijana yule. Mimi ningependa kila mtoto wa mtu afuatwe na gari.

Hata hivyo, nami nilitembea siku mbili mwaka ule pamoja na wanafunzi wenzangu, na kuna jambo moja ninalolikumbuka. Hatukuwa na gari. Tulikunywa maji ya visima vya watu, tukala mihogo na viazi tulivyopewa na akina mama tusiowajua, tukalala katika madarasa ya shule zao. Kwa hiyo tulijua ni kijiji kipi hakikupata mvua, na ni nyumba ipi ina mgonjwa. Mtu akikupa chakula chake hukupa na habari zake. Tulikuwa wajinga wa mambo mengi, lakini hatukupita mahali tukiwa hatujui tumepita kwa nani.

Sasa nieleze kilichotokea.

Mwaka 2007 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika barabara ya kutoka Itigi kwenda Rungwa. Anayeijua barabara hiyo kama ilivyokuwa wakati ule anaujua mchanga wake, mbung'o wake, na vile vichaka vizito ambavyo mtu akiingia hatua chache haonekani tena. Tangu ada ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, watoto walikuja kwa furaha na kwa wingi, lakini madawati hayakuja nao. Nilikuwa na wanafunzi 640, na zaidi ya nusu yao waliandikia magotini. Basi barua ilipofika kwamba msafara wa baiskeli wa hisani utapita na kutuletea madawati 40, nilihesabu papo hapo: kila dawati watoto watatu, watoto 120. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha.

Kijiji kilichanga mbuzi wawili, kuku, na ndoo mbili za asali. Katika hesabu ya michango iliyosomwa siku ile asali hiyo haikutajwa. Nasema hivi bila kinyongo, ingawa naona nimekwisha kusema.

Walifika saa nane mchana, kama watu 20, wenzetu wa mjini na wageni wa nje wakiwa wamechanganyika, nyuso zao zimekuwa za rangi moja kwa vumbi. Mchanga ulikuwa umewalazimisha kushuka na kusukuma. Mtu mzima mmoja, mkubwa wa kazi huko kwao bila shaka, aliketi chini ya mwembe akalia kwa kukaza misuli ya miguu, muuguzi akimkanda. Taabu yao ilikuwa ya kweli. Asije mtu akaniambia vinginevyo. Nyuma yao lilikuja lori la madawati na mizigo, na magari mawili madogo, moja likiwa na kitanda.

Tulianza hotuba. Nilikuwa nimeketi hatua kumi kutoka kwa kiongozi wa msafara. Diwani alipokuwa anazungumza, mvulana wa darasa la sita alipenya nyuma ya viti akaniinamia sikioni.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi amenituma. Mama mdogo ana uchungu tangu usiku, na mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Bibi anasema uwaombe wageni gari."

Nikamjibu, "Marahaba. Mwambie bibi asubiri kidogo, hotuba ziishe."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na kila mara nayaona ya kawaida kabisa. Hayana ukatili wowote. Ndiyo maneno ambayo mwalimu mkuu huyasema kila siku kwa mtoto anayekuja wakati usiofaa. Hotuba ziliendelea karibu saa nzima: diwani, kisha kiongozi wa msafara, kisha mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha ngonjera ya watoto, kisha mimi. Ndiyo, na mimi nilihutubia. Nilishukuru kwa kirefu.

Kabla ya ngonjera kwisha, baiskeli ilipita barabarani mbele ya uwanja. Ilikuwa Phoenix kuukuu. Shemeji wa yule mama aliisukuma, maana katika mchanga ule haiendesheki kwa watu wawili. Mama mwenyewe alikalishwa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, kanga mbili mwilini, na wifi yake akimshika mgongo kwa nyuma. Wageni walipoiona baiskeli wakafurahi. Walidhani ni watu wa kijiji waliokuja kuwaunga mkono kwa baiskeli yao. Wakapiga makofi, na msichana mmoja akapunga mkono. Yule mama akainua mkono wake naye akapunga, kwa adabu.

Kituo cha afya kilikuwa umbali wa kilomita 23. Alijifungua kabla ya kufika, chini ya mti, mikononi mwa wifi yake. Mtoto wa kike. Wote wawili walipona.

Ningeweza kusimama pale pale, baiskeli ilipopita, nikasema neno moja. Gari lingewafikia kwa dakika chache. Kwa nini sikusema? Si woga wa kiongozi wa msafara. Alikuwa mtu mpole, tulikwisha kutaniana. Si kutojua, nilikuwa nimeambiwa. Nilichokiogopa ni masimango ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyatamka. Nilijiona nikimwendea mtu aliyetuletea madawati 40, jasho likiwa halijamkauka, nikamwambia: na gari lako pia. Nilisikia sauti ikisema: watu hawa hawatosheki. Sauti hiyo haikuwa yake. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya hisani, na si hatari ile inayosemwa siku zote. Husemwa kwamba misaada huwazoeza watu kuomba. Mimi ilinizuia kuomba. Laiti wangekuja mikono mitupu, wasafiri waliochoka wanaotaka maji, ningewapa maji, na baada ya kuwapa maji nisingeona taabu kusema, bwana, tuna mgonjwa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni wa methali hiyo, kama ninavyomwelewa, ni mgeni anayekula nyumbani kwako. Mgeni aliyebeba kila kitu chake, na cha kwako pia, anakuja na nini cha kukuponya? Umekwisha kuwa mdeni kabla hajaketi.

Nimejaribu pia kulipima jambo kwa upande wa yule kiongozi. Tuseme ningemwomba. Alikuwa na watu 20 waliomwamini, na ahadi aliyowapa ni kwamba lile gari lenye kitanda litakuwa karibu. Tuseme angelitoa, na jioni ile mmoja wao akaanguka akapasuka kichwa, na gari liko mbali. Angewaambia nini jamaa zake? Ahadi ni ahadi, na mwalimu anayewaacha watoto wa darasa lake ili kuwasaidia wa darasa jingine hana budi kujibu. Nadhani, lakini, kwamba kuna tofauti kati ya mtu anayeweza kuanguka na mtu aliyekwisha kuanguka. Tena kuna tofauti nyingine, ambayo ni ngumu kuitamka bila kuwakosea watu wema: taabu ya mwendesha baiskeli ilikuwa na tarehe ya kwisha, imeandikwa kwenye fulana yake. Alikuwa ameichagua, na kwa kuwa ameichagua aliandaliwa gari. Yule mama hakuichagua yake, na kwa sababu hiyo hiyo hapakuwa na mtu aliyemwandalia chochote. Gari humfuata yule anayeweza kusema mapema kwamba atateseka lini na wapi.

Lakini pengine kiongozi yule angesema ndiyo bila hata kufikiri. Sitajua. Ninachojua ni kwamba nilimnyima nafasi. Hakupata kuwa mwema wala mbaya siku ile, kwa sababu mimi nilimjibia, na nikamjibia hapana, bila yeye kuwa na habari.

Nikiwasimulia watu habari hii huniambia, "Lakini si walipona, Mwalimu?" Husema hivyo kwa huruma, nami nashukuru. Walakini nimesahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto akibahatisha jibu, akapatia, nilimpa alama. Sikuwa na njia nyingine. Yeye na mimi tulijua kwamba hakujua.

Bibi wa yule mvulana hakunitajia neno hilo hata mara moja, wala mimi sikumtajia. Tulisalimiana vizuri mpaka alipofariki. Madawati yalikuwa mazuri, ya mbao ya mninga. Nilipostaafu mwaka 2009 niliyakabidhi kwa mwenzangu kwa hesabu: yote 40 yalikuwepo, mawili tu yamevunjika mguu.

Mwaka 2014 msafara mwingine ulipita, watu wengine kabisa, wakapumzika pale pale chini ya mwembe. Mimi nilialikwa kama mzee wa shule. Wanafunzi wa darasa la kwanza walipangwa mstari kuimba, na yule mtoto aliyezaliwa njiani alikuwemo, kimo chake kidogo, kwenye mstari wa mbele. Kabla hotuba hazijaanza nilimwendea kijana aliyekuwa kiongozi, nikamwamkua, nikamuuliza, "Mwanangu, gari lenu hili likiombwa na mwenyeji aliyepatwa na shida, huwa linakwenda?"

Alinitazama, akaligeukia gari, kisha akawatazama watu wake waliokuwa wamelala majanini na viatu vyao vimevuliwa. Alifikiri kitambo, na hilo lilinipendeza. "Mzee wangu," akasema, "hilo hatujawahi kulipanga."

Kisha alitoa daftari dogo mfukoni akaandika kitu. Sikuwa na miwani, sikuona ameandika nini.