Kura Chini ya Msalaba

Somo: Yohana 19:23-24



Mwezi uliopita, baada ya Sala ya Jioni, kijana mmoja wa mtaa wetu alikuja nyumbani kwangu akakaa muda mrefu bila kunena. Hatimaye akasema, "Baba Kasisi, nina swali moja tu. Zile karata za kwenye simu, zachangwa kwa haki au zimepangwa?"

Nikamwuliza kwa nini ataka kujua. Ndipo akaeleza. Alikuwa akicheza poka kwa simu, ule mchezo wa karata wa kuwekeana fedha. Mkewe alipopata zamu yake ya upatu, shilingi laki sita, alimkabidhi mumewe aziweke kwa ajili ya ada ya chuo ya binti yao. Fedha hizo ziliisha kwa majuma matatu, na mkewe alikuwa hajajua. Mara ya mwisho, akasema, alishika ree mbili, mwanzo bora kuliko wote katika mchezo ule, na bado mwenziwe akamshinda. "Haiwezekani, Baba. Wameniibia."

Nakiri mbele yenu kwamba nilitamani kumwambia, "Naam, mwanangu, wamekuibia." Lingekuwa jibu jepesi, nalo lingempoza. Lakini sikuwa na hakika, na haitupasi kumpoza mtu kwa neno tusilolijua. Nikamwomba anipe juma moja. Nikasoma, nikawauliza wenye ujuzi wa kompyuta, na haya ndiyo niliyojifunza. Nawaandikia ninyi nyote kwa idhini yake, maana naona swali hili si la mtu mmoja.

Kwanza, swali lenyewe si la kipumbavu. Pakiti ina karata 52, na namna zinavyoweza kupangwa ni nyingi kupita akili: idadi yake huandikwa kwa tarakimu 68. Mashine haina mikono ya kuchanga karata. Huzipanga kwa kufuata hesabu, na mara nyingi hesabu hiyo huanzia kwenye namba fulani. Mtu akiijua namba ya kuanzia na njia ya hesabu, amezijua karata zote. Mwaka 1999 wataalamu fulani wa Marekani walilithibitisha jambo hili. Kampuni iliyotengeneza programu iliyotumiwa na Planet Poker ilikuwa imetangaza hadharani jinsi inavyochanga, ili watu waiamini. Wataalamu wale wakaisoma, wakaona kwamba namba ya kuanzia ilitoka katika saa ya mashine, kwa kuhesabu sehemu za elfu za sekunde tangu usiku wa manane. Kwa siku nzima sehemu hizo ni 86,400,000 tu. Walipolinganisha saa yao na ile ya mashine, ikabaki mipangilio kama 200,000 ya kujaribu. Na wakiisha kuona karata tano, waliweza kuzijua zote zilizobaki, hata zile zilizo mikononi mwa wengine. Wataalamu wale hawakumwibia mtu. Walionyesha tu kwamba mlango uliachwa wazi.

Pili, wezi wamekuwepo kweli. Mwaka 2007 wachezaji wa Absolute Poker walimshuku mtu mmoja aliyeshinda kana kwamba aziona karata za wenzake. Mmoja wao akaomba kumbukumbu za mashindano, naye akapelekewa kwa makosa kumbukumbu yenye karata za kila mtu. Walipoipima, mambo yakawa wazi: alikuwa akiziona. Mwaka 2008 likafumbuka jambo kama hilo katika UltimateBet, lililokuwa limedumu miaka kadhaa. Tume ya michezo ya Kahnawake, huko Kanada, ilitangaza kwamba Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994, alikuwa mhusika mkuu, na wachezaji wakarudishiwa mamilioni ya dola.

Angalieni vema. Katika visa hivi viwili udanganyifu haukuwa katika kuchanga karata. Palikuwa na jicho lililochungulia mahali lisipopaswa. Mashine hata ikifanya kazi yake barabara, moyo wa mtu waweza kuiharibu.

Tatu, katika nchi zenye sheria kali, kama Uingereza, hesabu ya kuchanga hupimwa na wakaguzi walio nje ya kampuni. Tena kampuni ya poka kwa kawaida haichezi yenyewe. Hukata sehemu ya fedha zinazowekwa mezani, ashinde huyu au yule. Kwa hiyo yaweza kutajirika kwa karata zilizochangwa kwa haki kabisa. Wachezaji wote wakihesabiwa pamoja, huondoka na fedha pungufu kuliko walizokuja nazo, hata pasipo mwizi.

Na zile ree mbili? Mtu akiwa na ree mbili, na mwenziwe ana jozi iliyo chini yake, mwenye ree hushindwa yapata mara moja katika kila mara tano. Huo si muujiza, wala si wizi. Na kwa kuwa simu hugawa upesi, mara mbili au zaidi kuliko mikono ya mtu mezani, mambo ya nadra huonekana mara kwa mara. Nasi wanadamu twakumbuka siku tuliyoumia. Zile mara nne tulizoshinda twaziona kuwa ni haki yetu.

Basi kijana aliporudi nilimwambia hivi: "Mwanangu, waliokuchezesha siwajui. Huenda ni watu safi, huenda ni wachafu. Kama wana leseni, na una ushahidi, peleka mashtaka kwa wenye mamlaka. Lakini ree zako kushindwa si ushahidi. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia mtu uongo, na haikumwachilia mwenye kamari awe nje ya amri hiyo."

Alikasirika. Akasema, "Basi, Baba, wataka kusema ni Mungu aliyetaka nishindwe? Mithali 16:33 yasemaje juu ya kura?"

Wapendwa, hapo ndipo nilipolazimika kufungua Biblia upya. Ni kweli, Mithali yatufundisha kwamba kura ikitupwa, uamuzi wake watoka kwa Bwana. Hakuna karata iangukayo nje ya ufalme wake. Lakini tazameni jinsi watu wa Mungu walivyoitumia kura. Katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, mitume waliomba kwanza, kisha wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Yeye alipata utumishi, na Yusufu aitwaye Barsaba hakunyang'anywa kitu. Hakuna aliyekula hasara ya mwenziwe. Kura ile ilikuwa swali lililoulizwa kwa Mungu. Kamari haimwulizi Mungu neno lolote. Yamwambia jirani, "Kilicho chako na kiwe changu, nami nisikupe kitu badala yake." Mtu hawezi kusema hivyo kisha akamtwika Bwana jibu.

Sasa twendeni kwenye somo letu. Askari wanne wamekwisha kumsulubisha Bwana wetu. Mavazi yake wameyagawa mafungu manne, kila mmoja fungu lake. Yabaki kanzu isiyo na mshono, nao wakaona si vema kuipasua. Wakaipigia kura.

Nimelisoma somo hili kila Ijumaa Kuu tangu nipewe daraja, wala sikuwahi kujiuliza alilouliza kijana yule: je, kura ile ilikuwa ya haki? Injili haisemi kwamba askari mmoja alilalamika. Huenda ilipigwa kwa uaminifu mkamilifu, kila mtu na nafasi yake sawa na mwenziwe, aliyeshinda ameshinda kwa halali ya kura. Na bado ni jambo la kutisha kuliko yote yaliyotendwa chini ya jua siku ile, ukiondoa misumari yenyewe. Mwana wa Mungu alikuwa akifa juu ya vichwa vyao, nao macho yao yalikuwa chini, kwenye kura. Haki ya kura haikuwafaa kitu.

Hii ndiyo hatari yetu. Twaweza kukesha tukiuliza kama karata zimechangwa vema, tusiuliza fedha tulizoweka ni za nani. Nilimwuliza kijana, "Tuseme nimehakikisha kwamba ulichezewa kwa haki. Utamwambia mkeo nini? Tuseme nimehakikisha uliibiwa. Utamwambia nini?" Akanyamaza. Mwisho akasema, "Baba, yote mawili ni neno lile lile." Nikamwambia, "Naam. Basi nenda ukaliseme leo." Maana aliyenyang'anywa kwanza katika nyumba ile hakuwa yeye. Alikuwa mama aliyeweka akiba shilingi kwa shilingi, na binti aliyekuwa akingoja chuo.

Alikwenda. Sitawaficha: haikuwa jioni nyepesi. Mkewe alilia, akahamia kwa dada yake kwa siku nane. Sasa amerudi. Simu ya mumewe yakaa kwake kila jioni, na mshahara wapita mkononi mwake. Binti ameanza chuo kwa nusu ya ada, nusu ya pili yalipwa kidogo kidogo. Fedha zile hazikurudi, wala sidhani zitarudi. Lakini wiki iliyopita niliwaona wote watatu kwenye Meza ya Bwana, wamepiga magoti pamoja.

Ndugu zangu, aliye na jambo kama hili nyumbani asingoje hata apate hakika ya karata. Na asifuate fedha iliyopotea kwa kuweka nyingine. Aje aseme, kwa mwenzi wake kwanza, kisha kwa Mungu, na mlango wa kasisi u wazi. Nasi tulio salama tusimcheke. Mwenye kucheka na ajiulize macho yake yako wapi, chini kwenye kura, au juu kwa Yeye aliyevuliwa kanzu ili sisi tuvikwe.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyetundikwa huku watu wakishindania vazi lako, inua macho yetu yatoke kwenye faida yatazame jeraha zako. Wafungue waliofungwa na kamari, wafariji waliodhulumiwa nyumbani mwao, utupe moyo wa kusema kweli hata inapotuaibisha. Kwa ajili ya jina lako. Amina.

Ni mimi kasisi wenu katika Bwana.