Kitanda Usichokilalia

Kuna Mjapani anaitwa Kenji Kawakami aliyebuni feni ndogo ya kufungwa kwenye vijiti vya kulia, ili tambi zipoe kabla hazijafika mdomoni. Kuna pia vile viatu vya paka vyenye vitambaa chini: paka akizurura sebuleni, anakupangusia sakafu. Na siagi ya kijiti, kama ile gundi ya shuleni, unafungua kifuniko unapaka mkate. Vitu vya aina hii Kawakami aliviita chindogu, na miaka ya 1990 vitabu vyake vilisomwa na kuchekwa hadi Ulaya na Marekani.

Wengi hucheka wakaishia hapo. Mimi kilichonishika ni sheria. Chindogu ina sheria 10, na sio mchezo. Kitu lazima kitengenezwe kweli, kishikike mkononi, si mchoro tu. Kisiwe na matumizi ya maana. Kisisajiliwe hataza. Na kisiuzwe, kabisa. Siku utakapokubali hata shilingi moja, hiyo si chindogu tena, ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Katerina Kamprani, msanifu majengo wa Ugiriki, naye ana mkusanyiko wake wa vitu vya kukera makusudi. Kopo la kumwagilia maua ambalo mdomo wake umegeuzwa ukaelekea ndani. Uma ambao mpini wake ni mnyororo. Gambuti zilizo wazi kwenye vidole. Ukiviangalia mwili wenyewe unakataa, unahisi maji yakiingia kwenye soksi. Lakini hakuna soksi iliyolowa. Hakuna mtu amepelekewa hizo gambuti kijijini wakati wa masika akaambiwa ashukuru.

Naandika haya kwa sababu riziki yangu kwa sasa inatoka kwa vitu vya ajabu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa sababu ya kwanza na uvivu wa kukaa darasani sababu ya pili, na tangu hapo naandikia wateja wa mtandaoni, wengi wao wako nje, wanalipa kwa idadi ya maneno. Orodha, hasa. Nyumba 15 za ajabu, viti 12 ambavyo hujawahi kuona, ngazi zilizofichwa ndani ya kabati. Kazi ni kusifu. Ukisifu mambo 300 hivi kwa mwaka mmoja, unaanza kujiuliza swali ambalo halimo kwenye maagizo ya mteja: wazo la kuchekesha likishajengwa, nani anabaki nalo mtu wa kupiga picha akishaondoka?

Chukua PlayPump. Huenda uliwahi kuona picha zake. Ni bembea ya kuzunguka, zile watoto hushika vyuma wakasukuma halafu wakaruka juu, imeunganishwa na pampu ya kisima. Watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi lililoinuliwa juu, kina mama wanafungua mfereji. Pembeni mwa tangi kuna nafasi za mabango ya matangazo, pesa ya matangazo itunze mashine. Ilianzia Afrika Kusini. Mwaka 2000 ikapata tuzo ya Benki ya Dunia. Mwaka 2006 Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wakati huo, alisimama jukwaani New York kutangaza mpango wa dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 katika nchi 10 za Afrika kufikia 2010.

Kusema ukweli ni wazo tamu. Lina kila kitu. Kazi inageuka mchezo, mchezo unageuka maji, na hakuna anayeumia. Ningepewa niliandike kwenye orodha zangu lingekuwa namba moja.

Shida ni kwamba bembea ya kawaida inazunguka kwa sababu hakuna kinachoishikilia. Ukishaisukuma, inaenda yenyewe, na raha yote iko hapo, katika ule mzunguko wa bure. Hii nyingine inavuta maji. Ukiacha kusukuma, inasimama. Yaani walichopewa watoto kilikuwa na sura ya bembea, lakini ndani yake kilikuwa kazi. Na watoto si wajinga bana. Walicheza siku za kwanza, wageni na kamera wakiwepo, baadaye wakaenda zao. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu likaona kwamba ili pampu moja ihudumie watu 2,500 waliokusudiwa, watoto wangehitaji kucheza saa 27 kwa siku. Siku yenyewe, kama unavyojua, ina 24.

Basi nani aliisukuma? Wanawake. Mama mzima, wengine wazee, ameinama ameshika chuma cha rangi za watoto, anazunguka duara mbele ya watu ili apate ndoo moja. Baadhi ya vijiji vilikuwa na pampu ya mkono kabla, ile ya kawaida ya kukandamiza juu chini, ikang'olewa ili mashine mpya ikae juu ya kisima kilekile. Pampu ya mkono ilikuwa rahisi mara kadhaa kwa bei, na ikiharibika fundi wa karibu angeweza kuijaribu. Hii ikiharibika unasubiri. Wakfu mmoja wa Marekani uliokuwa umeweka pesa zake huko ulikiri hadharani mwaka 2010 kwamba mambo hayakwenda walivyotarajia, na nawapa heshima yao kwa hilo, maana wengi hunyamaza tu.

Kinachonisumbua si kwamba mashine ilishindwa. Mashine hushindwa kila siku. Kinachonisumbua ni yule mama akizunguka. Feni ya Kawakami ikishindwa, anayeonekana mjinga ni Kawakami, na alishajichagulia. Hapa mzaha ulikuwa wa mtu mmoja na mwili uliouigiza ulikuwa wa mwingine, ambaye hakuulizwa na hangeweza kushuka, kwa sababu maji ya jioni yako chini ya hiyo bembea. Sioni kwa nini tuliite hilo kosa la kiufundi. Kumfanya mtu mzima acheze ili anywe maji ni suala la heshima, hata kama pampu ingekuwa inatoa maji ya kutosha.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa nina kunguni wangu mwenyewe wa kusimulia. Ninaishi bedsita Nairobi. Zamani ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye dirisha moja. Mwenye ploti akapata wazo: akasimamisha ukuta wa jipsamu katikati, akapata vyumba viwili, kodi mbili. Ukuta ulifika dirishani ukakuta dirisha liko katikati kabisa. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye aliupitisha ukuta mpaka karibu na kioo, akaacha upenyo kidogo, sasa mimi nina nusu ya dirisha na jirani ana nusu. Ni lile dirisha la vioo viwili vya kusukuma kando. Kwa hivyo nikifungua upande wangu, kioo changu kinateleza kwenda kufunika upande wake. Akifungua yeye, mimi ndio nafungiwa. Hewa ni ya mmoja kwa wakati.

Tumezoea. Akikaanga samaki ananigongea ukuta, "Brathe, nipe dirisha dakika kumi." Usiku wa joto tunapeana zamu. Siku nyingine nacheka peke yangu, kwa sababu kama kitu hiki kingewekwa kwenye jumba la makumbusho Ulaya, kikaandikwa kibao kwamba kinahoji dhana ya ujirani mjini, watu wangelipa kiingilio. Na pengine ningekisifu kwa maneno 150.

Sasa mlinganishe mwenye ploti wetu na Charlie Munger, tajiri wa Marekani aliyekuwa mshirika wa Warren Buffett. Munger hakusomea usanifu majengo lakini aliupenda. Aliahidi Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, dola milioni 200 kwa ajili ya bweni, kwa sharti kwamba lijengwe kwa ramani aliyoitaka yeye. Orofa 11, wanafunzi kama 4,500, na asilimia 94 ya vyumba bila dirisha la nje. Badala yake wangewekewa madirisha bandia yenye taa, wazo lililotoka kwenye meli za kitalii za Disney. Hoja yake ilikuwa kwamba vyumba vikibana, vijana watatoka waende sehemu za pamoja wajuane. Mwaka 2021 msanifu majengo mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya kukagua ramani, Dennis McFadden, alijiuzulu, akaandika kwamba hawezi kuunga mkono kitu kama hicho kama msanifu, kama mzazi, na kama binadamu. Kelele ikawa kubwa. Mwaka 2023 chuo kikaachana na mpango huo.

Kwa mawazo, Munger na mwenye ploti ni ndugu. Tofauti ni dola milioni 200. Lakini ona pia nani alikuwa upande wa pili: wanafunzi wenye magazeti, wahadhiri wenye kazi za kudumu, msanifu aliyeweza kujiuzulu bila kulala njaa. Wao walikataa kabla tofali halijawekwa. Kijijini hakukuwa na barua ya kujiuzulu.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba nikiweka masharti haya hakuna kitu kipya kitakachojengwa, na maskini ndio wataendelea kupewa mabati yaleyale. Jibu hilo lina uzito, na kesi inayonipa taabu zaidi ni ya Makoko, Lagos, mtaa wa watu wanaoishi kwenye nyumba za nguzo juu ya maji. Mwaka 2012 serikali ilibomoa sehemu ya mtaa huo. Mwaka uliofuata Kunlé Adeyemi, msanifu Mnigeria, pamoja na wakazi, walikamilisha shule ya mbao inayoelea, umbo la pembetatu, orofa tatu, juu ya mapipa 256 ya plastiki. Kwa mtaa ulioambiwa haufai kuwepo, jengo hilo lilikuwa jibu lenye sauti. Mei 2016 muundo wake wa pili ulipewa tuzo ya Simba wa Fedha kwenye maonyesho ya Venice. Juni 7, mvua ikanyesha Lagos na ile shule ya kwanza ikaanguka. Bahati wanafunzi walikuwa wameshahamishwa, hakuna aliyeumia.

Siwezi kuiweka Makoko kapu moja na bembea ya maji. Wakazi walishika nyundo wao wenyewe. Mbunifu alikuja na boti mara nyingi, hakutuma tu ramani. Lakini jengo la majaribio likishapewa watoto, halijaribiwi tena, linatumika, na mtoto hana njia ya kujua anasomea ndani ya jaribio. Baadaye miundo kama hiyo ilijengwa Bruges, Chengdu, na Mindelo kule Cabo Verde. Fundi anajifunza, muundo unaboreka, na hilo ni jema. Nauliza tu deni la somo la kwanza linalipwa wapi, Bruges ama Makoko.

Hapa kwetu M-Pesa ilianza majaribio mwaka 2005 kama njia ya kurudisha mikopo midogo. Watu wakaigeuza, wakawa wanatumiana pesa tu, na ilipozinduliwa 2007 waliobuni walikuwa wamefuata njia ya watumiaji. Aliyeshiriki majaribio na hakupenda, alikuwa na noti zake mfukoni. Aliweza kushuka.

Wiki iliyopita nimetumiwa orodha mpya, nyumba 20 ndogo kuliko zote duniani. Namba saba ni chumba kilichobanwa katikati ya majengo mawili, upana wake ni wa mtu kunyoosha mikono, na picha ni nzuri sana, mwanga wa asubuhi, mmea mmoja, hakuna mtu. Nilimwandikia mteja nikauliza kama kuna anayeishi humo, na kama alichagua. Amejibu kwamba nimebakisha maneno 90.