Kilicholowa Kiweke Juu

Katika mji wetu wa Goma noti ya dola iliyopasuka kidogo pembeni haina bahati. Kambiste, yaani mbadilisha fedha, anaishika, anaigeuza kwenye mwanga, kisha anamrudishia mwenyewe bila neno, ama anaipunguzia thamani. Namba zake zinasomeka na uhalali wake haujapotea, ila sisi tumekubaliana kwamba mpasuko wa upana wa ukucha unatosha kuikataa. Na tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, hata franka zimekuwa chanzo cha ugomvi, kwa maana noti mpya zilikoma kuingia na za zamani zikachakaa mikononi mwetu. Kinachofuata tunakijua sote. Noti mbovu inakunjwa, inapenyezwa katikati ya noti safi, na anasubiriwa mama aliyeshuka kutoka Masisi na gunia lake la maharage, asiyejua kukagua. Tulidai karatasi isiyo na doa, tukaishia kuwa hodari wa kuficha doa.

Tabia hiyo sasa imehamia katika biashara zetu, na hapo ndipo ninapotaka tusemezane.

Tupite pamoja katika vichochoro vya mtaa wetu wa biashara, Birere. Kijana ana butike ya mbao yenye upana wa mikono miwili. Ukimuuliza bidhaa zake zimetoka wapi, atakujibu Dubai, wakati amezitwaa asubuhi kwa mwenye depo mtaa wa pili. Fundi wa kushona anaonyesha kwenye simu picha ya gauni lililoshonwa Abidjan na kusema ni kazi ya mkono wake. Mama wa vitenge anauza kitambaa cha China kwa jina la Uholanzi. Kampuni ya Vlisco imekuwa ikichapa vitambaa katika mji wa Helmond tangu 1846, na jina lake huandikwa kwenye upindo wa kitambaa. Basi waigaji wamejifunza kuuiga hata huo upindo, na muuzaji anajua, lakini ananyamaza. Kitenge cha China hakina dhambi yoyote. Kinasitiri mwili, kina rangi nzuri, na mwalimu anaweza kumnunulia mkewe bila kukopa. Dhambi imo katika jina tulilokibandika.

Ninajiuliza kwa nini tunafanya hivi, na sidhani kwamba sababu ni tamaa peke yake. Wengi wetu tunadanganya kwa aibu. Tunaona haya kuitwa wadogo. Tunaona haya kusema "sina", "sijui kushona mkono wa namna hiyo", "huu mzigo si wangu, ninauuza kwa niaba ya mwenzangu nipate komisio." Wazee wetu walitufundisha kuona haya, na haya ni pambo la mwanadamu. Lakini haya waliyotufundisha ilikuwa ya kutenda ovu, ya kumtazama jirani machoni baada ya kumpunja. Sisi tumeihamisha mahali pake. Uso unatuwaka tukionekana na mtaji mdogo, na unabaki mkavu tukisema uongo mbele ya watoto wetu wanaotusaidia dukani.

Mahali ambapo aibu hii inaumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni katika likirimba. Mnaijua: kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja kwa zamu anapokea chote. Haina mahakama wala dhamana. Inasimama juu ya neno la mtu. Sasa tazameni inavyokuwa pale mama mmoja miongoni mwetu anapopata hasara. Pengine mzigo wake umezuiwa mpakani, pale Petite Barrière, pengine moto umepita katika mbao zetu zilizobanana, kama unavyopita mara nyingi, na mtaji umekwisha. Lililo jema na jepesi ni kufika kwenye kikao na kusema, "Ndugu zangu, juma hili nimeanguka." Watanung'unika, ndiyo. Kisha watabadilishana zamu, au watampunguzia, maana kila mmoja anajua kesho inaweza kuwa yake. Lakini yeye haji hivyo. Anakuja na kitenge kipya, anacheka, anatoa fedha alizokopa kwa riba upande mwingine. Juma la pili anakopa tena ili alipe deni la kwanza. Zamu yake inapofika anapokea, fedha zote zinaishia kwa wadai, na mwezi unaofuata simu yake haipatikani. Wanawake kumi wamepoteza ada ya shule ya watoto wao kwa sababu mwenzao hakuweza kuvumilia dakika moja ya kuonekana amepungukiwa. Mimi siwezi kumwita mwanamke huyo mwizi tangu mwanzo, kwa kuwa nia yake ya kwanza haikuwa kuiba. Alitaka tu kulinda jina lake, na jina hilohilo ndilo alilolipoteza.

Na sisi tuliobaki tuna sehemu yetu katika lawama hiyo, kwa kuwa tulicheka siku mwingine aliposema ukweli.

Kwa nini tuuonee haya udogo, sisi watu wa Goma? Waliokuwapo tarehe 17 Januari 2002 wanakumbuka. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza nyumba na maduka ya maelfu ya watu, ikaenda kuzama ziwani. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Ndani ya siku chache watu walianza kurudi, mawe yakiwa bado na joto, na juu ya mwamba ule mweusi wakasimamisha mbao na mabati, wakauza kile kilichookolewa. Nani wakati ule aliuliza kama duka lako lina vioo? Vibanda hivi tunavyovidharau vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuurudishia mji huu uhai. Baba yako alianza upya juu ya jiwe la moto, na wewe unamficha mteja kwamba duka lako ni dogo!

Kuhusu kuonyesha kasoro badala ya kuificha, majirani zetu Waislamu wana masimulizi ambayo sisi wa makanisani pia tungefaidika kuyatafakari. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Mtu yule akajibu kwamba mvua ilikuwa imeinyea. Mtume hakumlaumu kwa ajili ya mvua. Alimuuliza kwa nini hakuweka juu ile iliyolowa, watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya si mmoja wao. Kitabu cha Mithali nacho kinaihesabu mizani ya udanganyifu kuwa chukizo mbele za Mungu. Na nani anaijua mvua kuliko sisi? Inanyea unga wetu juu ya chukudu, vile vigari vyetu vya mbao, inanyea balo za nguo, inanyea sambaza, samaki wetu wadogo, waliotandazwa kukauka. Anayeweka sambaza wa jana chini na wa leo juu amefanya kwa mkono wake jambo ambalo mvua haikufanya.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Kuna kasoro ambazo hazitakaswi kwa kutangazwa. Dawa iliyopita tarehe haiuzwi kwa bei nafuu kwa kisingizio cha "nimekwambia", inatupwa. Ma-Kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, wanaochanganya petroli na kitu kingine hawawezi kujitetea kwamba kila mtu anajua mafuta ya barabarani yalivyo. Wapo pia wanaojisifu kuwa watu wa kweli, huku ukweli wao ni uvivu: nguo imeshonwa upande, mteja akilalamika anaambiwa, "Sisi tuko hivi, hatujifanyi." Hapana. Kukubali kwamba hatujakamilika kunatudai juhudi zaidi, kwa sababu aliyekiri kwamba hajui kushona kola amejipa kazi ya kujifunza. Na wapo wanaoonyesha aibu ndogo ili waaminiwe katika kubwa. Wanakuonyesha uzi uliochomoka ili usitazame doa la mgongoni. Nia ndiyo inayotenganisha mambo haya, na nia anaijua mwenyewe na Mungu wake.

Nimewaambia wauzaji, sasa niwaambie wanunuzi, maana sote tunabadilishana nafasi hizo kila siku. Mama akikuonyesha mwenyewe kwamba nyanya tatu katika fungu zimelainika, usilitumie neno lake kama fimbo ya kumvunjia bei hadi asibaki na nauli ya kurudi nyumbani. Yule wa pembeni aliyenyamaza ulimlipa bei kamili. Fundi akikwambia gauni halitakuwa tayari Jumamosi, usimwache kwa hasira umkimbilie anayekuahidi Ijumaa huku unajua anakuongopea. Kila tunapofanya hivyo tunawalipa waongo ujira na kuwatoza wakweli faini, kisha jioni tunaketi kulalamika kwamba Birere haina mwaminifu. Basi juma hili, kila mmoja wetu amtafute muuzaji mmoja aliyewahi kumwambia kasoro ya mali yake kabla hajaulizwa. Anunue kwake bila kumkaba, na amwambie kwa nini amerudi.