Nani Mwenye Swali?

Mganga akija kijijini kutafuta asili ya ugonjwa, na watu wakampa damu yao, elimu inayotoka katika damu ile ni mali ya nani? Wengine watasema: ni ya mganga, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Sisi hatukubali upesi hivyo.

Kaskazini kabisa ya inchi ya Kanada, penye barafu, kuna kijiji kiitwacho Aklavik, katika delta ya mto Mackenzie. Wenyeji ni Wainuvialuit na Wagwich'in, jumla yao kama 600. Ni watu wa shingo ngumu, tena kwa wema: miaka ya 1950 serkali iliona udongo wao unaliwa na maji, ikajenga mji mpya wa Inuvik ili wahamie. Wengine walihama, wengine wakakataa, na kijiji kipo mpaka leo.

Watu hawa waliona wenzao wakifa kwa kansere ya tumbo. Wakasikia pia habari ya mikrobe iitwayo Helicobacter pylori, ambayo tangu mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia wameihesabu kati ya vyanzo vya kansere ile. Basi wao wenyewe wakauliza: je, imo ndani yetu? Waganga wa Chuo Kikuu cha Alberta wakaja, na halmashauri ya wenyeji ikakaa nao kupanga kazi. Watu walikunywa maji yenye dawa, kisha wakapuliza pumzi katika mfuko, maana pumzi yenyewe huonyesha kama mikrobe imo. Zaidi ya nusu yao walikuwa nayo. Februari 2008 waganga walileta mipira yenye taa ya kutazamia ndani ya tumbo, wakafanya kazi pale pale kijijini. Wenye mikrobe wakapewa dawa, na ilipoonekana kwamba dawa zilizozoewa haziponyi wengi, zikajaribiwa nyingine.

Katika inchi ile ile, kwenye kisiwa cha Vancouver, mambo yalikuwa mengine. Miaka ya 1980 watu 883 wa kabila la Wanuu-chah-nulth walitoa damu kusudi ugonjwa wao wa viungo uchunguzwe. Jibu la viungo halikupatikana. Damu ikahama pamoja na mtafiti, ikafika Marekani, halafu Uingereza, ikatumiwa kuchunguza asili ya mababu zao, nao hawakuulizwa. Ilirudishwa mwaka 2004. Mtu atasema: hakuna aliyeumizwa, tena elimu imeongezeka. Lakini mtu akikupa shoka umkatie kuni, nawe ukaenda kujijengea nyumba, shoka halikuvunjika, na bado umemwibia.

Mwingine atabisha: mgonjwa asiyejua mikrobe atawezaje kumwongoza mwenye kujua? Tunajibu kwamba kijiji kinajua maji yanayonywewa, majira ya kuwinda, na nani ataona haya mbele ya nani. Tena kinajua hofu ya kuitwa kijiji cha wachafu siku matokeo yatakapotangazwa. Mambo hayo hayamo katika darubini. Babu zetu hapa Kongo walipangwa mstari, wakapapaswa shingo na kuchomwa sindano mgongoni juu ya ugonjwa wa usingizi. Wengi waliponywa, lakini ni wangapi walioelezwa?

Linabaki jambo moja linalotusumbua. Halmashauri ikikubali na mama mmoja akakataa, hakuna shaka: mwili ni wake, sherti asiguswe. Lakini halmashauri ikikataa, na mama yule anaumwa tumbo kila usiku, anataka kupuliza katika mfuko ajue lililomo? Wanaopenda mno heshima ya kijiji watamwambia angoje. Sisi tungempeleka kwa mganga usiku ule ule, apimwe kama mgonjwa yeyote, na jina la kijiji chake lisiandikwe katika daftari la utafiti.