Kuondoka Bila Kuaga

Mwishoni mwa Julai 1999, gazeti la mji wa Wichita, jimbo la Kansas, lilipokea faksi. Barry Sanders, mzaliwa wa mji huo, alikuwa anatangaza kwamba ameacha kucheza. Alikuwa na umri wa miaka 31, hana jeraha, mkataba wake ulikuwa bado na miaka kadhaa, na alikuwa amebakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi kubwa kuliko zote katika kazi yake. Kwa kasi aliyokuwa nayo, huo ni msimu mmoja, labda na wiki chache za msimu wa pili. Hakuitisha mkutano na waandishi wa habari. Alipanda ndege akaenda London.

Sanders alikuwa hafubeki katika futiboli ya Kimarekani. Wewe uliyekulia kwenye soka usichanganywe na neno beki: huyu hakabi mtu. Kazi yake ni kupokea mpira mkononi na kukimbia nao, huku wanaume kumi na mmoja wenye miili ya wabeba mizigo wakitaka kumbwaga chini. Kila anaposonga mbele, umbali unapimwa kwa yadi, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Yadi zinaandikwa, zinajumlishwa, na mwishowe mtu anabaki na namba moja ambayo ndiyo maisha yake yote ya mchezo. Namba ya Sanders ni 15,269. Ya Walter Payton wa Chicago, aliyekuwa anashikilia rekodi wakati huo, ni 16,726.

Swali lililozuka Detroit wiki ile, na ambalo halijaisha mpaka leo, linahusu maadili kuliko michezo: je, alikuwa na haki ya kuondoka? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu ambaye tasnifu yake haigusi michezo hata kidogo.

Tuanzie chuoni, maana tabia ya mtu haianzi siku anayoondoka. Sanders aliingia Oklahoma State mwaka 1986, na kwa misimu miwili alikaa nyuma ya Thurman Thomas, ambaye naye alikuja kuwa mmoja wa wakubwa wa mchezo huo. Thomas alipoondoka, mwaka 1988, Sanders akapewa mpira. Katika mechi 11 alikimbia yadi 2,628 na kufunga mara 37 kwa mbio zake. Mwaka 2024 kijana mmoja wa Boise State, Ashton Jeanty, alicheza mechi 14 akiwinda namba hiyo, akaishia yadi 27 nyuma. Sanders alipewa tuzo ya Heisman, heshima ya juu kabisa kwa mchezaji wa chuo kule Marekani, na habari zilimkuta Tokyo, ambako timu yake ilikwenda kucheza. Kisha akaacha chuo kabla ya mwaka wa mwisho ili akacheze kwa malipo. Uondokaji wa namna hiyo watu huuelewa haraka. Mtu akiacha masomo kufuata fedha tunasema amepata. Akiacha fedha na hasemi anafuata nini, tunauliza nani kamroga.

Detroit Lions walimchukua mwaka 1989, akiwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wapya. Siku ya mwisho ya msimu ule wa kwanza likatokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko faksi yenyewe. Detroit walikuwa Atlanta na mechi walikuwa wameishika. Sanders alikuwa nyuma kwa yadi 10 tu ya Christian Okoye wa Kansas City, Mnigeria ambaye kabla ya kuujua mchezo huu alikuwa mrusha kisahani. Yadi 10 kwa Sanders zilikuwa mkimbio mmoja. Akaulizwa kama anataka kurudi uwanjani kuzichukua ili awe kinara wa ligi. Akakataa. Okoye akamaliza na 1,480, yeye na 1,470. Watu waliliona hilo kuwa unyenyekevu, kama walivyosifu desturi yake ya kumkabidhi mwamuzi mpira kila alipofunga, bila kucheza wala kujipiga kifua. Miaka kumi baadaye mtu yuleyule aliipuuza namba kwa namna ileile, na safari hii akaitwa mbinafsi.

Kwa hiyo alikuwa anadaiwa nini, na nani? La kwanza ni mkataba. Mwaka 1997 alilipwa dola milioni 11 za kusaini, zikikusudiwa kufunika miaka sita. Alicheza miwili. Klabu ilidai sehemu yake, na msuluhishi akaamua arudishe, zaidi ya dola milioni 1.8 kwa kuanzia. Hapa sioni fumbo. Ulilipwa kwa kazi ambayo hukuifanya, rudisha. Fedha ni deni rahisi kwa sababu lina mwisho.

Hasira ya mashabiki, hata hivyo, haikuhusu fedha za klabu. Walihisi kwamba mbio zile ni zao. Na lugha yetu ina la kusema hapa. Tunasema mtu ana kipawa, yaani kitu alichopawa. Neno lenyewe limebeba mtoaji, na mahali penye mtoaji hapakosi mtu wa kuuliza: umepewa wewe, lakini kwa ajili ya nani? Vijana wa Kenya husema talanta, na wengi wetu tulilikuta neno hilo katika Injili ya Mathayo, kwa yule mtumwa aliyeifukia ardhini akalaumiwa. Wanaomlaumu Sanders hupenda mfano huo. Lakini usome tena. Anayerudi kudai hesabu pale ni bwana mwenye mali. Majirani waliotamani kuiona talanta ikizunguka sokoni hawamo.

Hata Immanuel Kant, ambaye hakuwa mtu wa kumhurumia mvivu, katika kitabu chake cha 1785 juu ya misingi ya maadili anasema ni wajibu kukuza vipaji, ila anauweka katika fungu la wajibu wa mtu kwa nafsi yake. Tena ni wajibu wenye nafasi ndani yake: haukuambii ni kipaji kipi, kwa kiasi gani, hadi lini. Mtu aliyekimbia zaidi ya yadi 1,000 kila msimu kwa misimu kumi hajafukia kitu ardhini.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu nje ya viwanja pia tunafanyiana hivyo. Katika darasa letu la uzamili alikuwapo dada mmoja aliyetuzidi sote, na hilo halikuwa na ubishi. Aliacha katikati ya mwaka wa pili, akaenda kuendesha biashara ya vitambaa na mama yake. Yaliyosemwa baada ya hapo yalikuwa ya ajabu: amepoteza akili yake, amemnyima mwenzake nafasi, ametuangusha wasichana. Mmoja alisema amejiibia. Hakuna aliyeuliza kama anafurahi. Akili yake ilizungumzwa kana kwamba ni kisima cha kijiji na yeye ni mlinzi aliyekimbia na ufunguo.

Pwani kuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika taarabu unainuka, unakwenda mbele, unamtunza mwimbaji noti yako, unarudi kukaa. Noti ile ni shukrani kwa wimbo uliokwisha kukufika. Hujanunua wimbo wa kesho. Mashabiki wa Detroit walimtunza Sanders kwa miaka kumi, na kila Jumapili aliwapa kilichostahili. Hesabu ilikuwa inafungwa kila wiki.

Na bei ya wimbo wa kesho haikuwa ndogo. Novemba 1991 Mike Utley, mmoja wa wanaume waliokuwa wakimfungulia Sanders njia, alianguka vibaya akapooza. Desemba 21, 1997, katika uwanja wa Silverdome, Reggie Brown aligongana na mchezaji wa New York akalala chini bila kupumua, na ikabidi ahuishwe palepale mbele ya wenzake. Alipona na akatembea, lakini hakucheza tena. Mechi hiyohiyo ndiyo Sanders alivuka yadi 2,000 kwa msimu, mtu wa tatu tu kufanya hivyo katika ligi. Mchana wa fahari yake kuu ulikuwa pia mchana ule. Anayemwambia arudi kuchukua yadi 1,457 amkumbuke Earl Campbell wa Houston, hafubeki aliyekimbia kwa kuwagonga watu bila kuwakwepa, akawapa watazamaji kila walichotaka, na baadaye maishani akahitaji kiti cha magurudumu.

Rekodi yenyewe ilivunjwa mwaka 2002 na Emmitt Smith wa Dallas, ambaye hatimaye alifika 18,355. Na Detroit, walioshinda mechi 5 na kupoteza 11 katika msimu wa mwisho wa Sanders, msimu uliofuata bila yeye walishinda 8, wakapoteza 8, wakaingia hatua ya mtoano. Mungu ana mzaha.

Mpaka hapa namtetea bila shida. Kuna sehemu moja ambayo utetezi wangu hauifikii.

Kwetu mgeni akiondoka bila kuaga, hatusemi ametuibia. Tunakaa tunaulizana tumemkosea nini. Hilo ndilo naliona Detroit kuliko hasira. Sanders alikuwa na sababu: alieleza baadaye kwamba aliona uongozi wa klabu hautaki kushinda kwa dhati. Wenzake wazuri waliachwa waende, akiwamo Kevin Glover, aliyekuwa nguzo ya safu ya mbele. Katika miaka kumi yake timu ilishinda mechi moja tu ya mtoano. Lakini wenye klabu na watu waliokaa majukwaani si watu wamoja. Faksi iliwajibu wote kwa sauti moja, tena ikaja kambi ya mazoezi ikiwa mlangoni, wachezaji wenzake wakiwa wamepanga mwaka wao wakimtegemea. Hakuwadai mbio na hawakumdai mbio. Walimdai neno, na walilidai mapema kidogo.

Najua kwamba kuaga kuna gharama. Anayeaga huzuiwa. Kaa kidogo, chai inachemka, kuna mtu anakuja kukusalimu. Labda Sanders alijua kwamba akisimama mbele ya watu wale angebaki. Jim Brown, shujaa wa baba yake Sanders, naye aliacha mchezo mwaka 1966 akiwa Uingereza kwenye kazi ya filamu, bahari nzima katikati yake na waliotaka kumbembeleza. Na mtu ambaye maisha yake yote alimkabidhi mwamuzi mpira na kurudi benchi kimya, huenda hakuwa na namna nyingine ya kuondoka. Hayo yananifanya nimwelewe. Hayawapunguzii wale wa majukwaani walichokosa.

Septemba 2023 klabu ilizindua sanamu yake nje ya uwanja wa Ford Field. Sanders alikuwapo, akasimama mbele ya watu na kuwashukuru. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo aliyoaga, imechelewa miaka 24, na baadhi ya waliokuwa wakiisubiri hawakuwapo tena kuipokea.