Ngoma Haina Idara

Nilisoma muziki chuoni miaka miwili, nikaacha. Nikirudi nyumbani Voi watu huniuliza kwa upole, "Sasa kipaji chako kimeenda wapi?" Ni kama kipaji ni mzigo wangu peke yangu, nikiuangusha nimejikosea mwenyewe tu.

Chuoni tulifundishwa nota na upatano wa sauti. Mti wa kuchongea ngoma ulikuwa kazi ya watu wa misitu. Hakimiliki ilikuwa ya watu wa sheria. Kuponya, hilo ndilo hata halikutajwa.

Mwaka jana nilipanda Wundanyi kumwona mzee anayepiga mwazindika, ngoma ya Wadawida ya kutuliza pepo. Mwaka 2024 UNESCO iliiorodhesha kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nilitaka mapigo tu. Yeye akaanza na mti, akaja kwa ngozi na jinsi ya kuiwamba, kisha moto wa kuikaza, kisha mgonjwa.

"Mjukuu wangu, ukipiga bila kumtazama mgonjwa, unapiga gogo tu."

Basi vyuo vichanganye masomo? Naam. Fadhili William, mwana wa Taita, alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wimbo ukazunguka dunia nzima, na mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Adam Salim wa Tanzania naye hutajwa. Sauti nzuri haimalizi ubishi wa aina hiyo. Anayefundishwa kuimba afundishwe pia kusoma mkataba.

Lakini kuongeza masomo kwenye ratiba hakutoshi. Yule mzee akiitwa chuoni, ataitwa kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, ama atasimamishwa mbele ya darasa apigwe picha, arudishwe na nauli? Hapo ndipo swali linaacha kuwa la ratiba, linakuwa la haki. Kama kipaji hulelewa na wengi, basi mwenye nacho ana deni kwa wengi.

Na mimi je? Nilidhani kuacha chuo kulinipotezea changu. Siku hizi naona nilichopewa hakikuwa changu chote.

Nilipotoa simu nirekodi, mzee hakunikataza. Aliuliza tu, "Ukishaniweka humo, utarudi tena?"

Nilisema, "Nitarudi, babu." Bado sijarudi.